Kwa Nini Nakuita Baba

Mwanangu Mwaura,

Naomba unisamehe kwa kukawia. Barua hii ilipaswa kuandikwa mwaka ule tuliporudi kutoka Kiahiti mara ya kwanza, wewe ukiwa bado mvulana wa kaptura, umelala njia nzima kichwa kikigonga bega langu. Kila nikishika kalamu, kiwanda kinaniita, au dada yako anaanza kukohoa, au nasema ngoja kwanza akue. Sasa umekua, kesho asubuhi unaondoka, na mimi ndiyo kwanza nakaa chini. Umeenda uwanjani kuwaaga wenzako. Dada yako amelala, maharagwe yako jikoni, na naona nitapata nafasi kabla hujarudi na matope yako.

Utauliza kwa nini nisikwambie kwa mdomo. Chumba chetu unakijua. Mama Mwende akipiga chafya upande wake, sisi huku tunamwambia pole. Mambo mengine hayafai kusemwa mahali ambapo jirani atayajibu.

Sitakuandikia habari za soksi wala sabuni. Hayo nimesema mpaka ukaniambia, "Mathee, hiyo nimeshika." Nataka kukuandikia juu ya neno moja tu, lile ulilonikataza.

Unakumbuka siku ile pale dukani, nilikuita kutoka ng'ambo ya barabara: "Baba, njoo unibebee unga." Wenzako wakaanguka kwa kicheko. Jioni ukanisemesha huku ukiangalia ukuta. "Mathee, usiniite hivyo mbele ya maboi. Siku hizi wananiita Buda, ati mimi ni mzee. Wananiuliza watoto wangu wako wangapi." Mimi nikacheka, nawe ukazidi kukasirika. Nisamehe kwa kicheko hicho. Mbele ya maboi sitakuita tena. Lakini uende ukijua kazi ambayo neno hilo limetufanyia, kwa sababu bila hilo kesho usingekuwa na pa kwenda.

Majina yetu unajua yanavyokwenda. Mvulana wa kwanza ni babu yake wa upande wa baba, wa pili ni babu yake wa upande wa mama. Msichana wa kwanza ni nyanya yake, mama ya baba. Kwako wewe upande wa baba haukuwepo wa kuhesabu. Aliyekuzaa aliondoka kabla tumbo halijaonekana, na habari zake nilishakupa zote, hazikuwa nyingi. Kwa hiyo nikakupa jina la baba yangu mimi. Na mwenye jina la baba yako ni baba yako, hata kama ni wewe unayemfuta kamasi.

Baba yangu mwenyewe simkumbuki. Alichukuliwa na wakoloni wakati wa Emajensi, vita vya Mau Mau, nikiwa bado wa mgongoni, na hakurudi. Mama yangu, nyanya yako Wangari, ndiye aliyenileta Nairobi na kunilea kule Mathare kwa kuuza mboga. Alikuwa mtu wa maneno machache. Nikimuuliza tulikotoka, alisema Kiahiti, Murang'a, basi. Nikimuuliza kama tulikuwa na shamba, alinijibu kwa maneno yale yale kila mara, kama mtu anayesoma ubao: "Nilimwacha baba kwa jirani. Kama yupo, shamba lipo." Halafu anazigeukia mboga zake.

Mimi nilielewa kama mtu yeyote angeelewa. Baba wa mama ni babu yangu, mzee Kabogo, jina lake nilikuwa nikilisikia. Nikawa namwona kichwani, mzee na mkongojo wake, ameketi nje kwa watu wasio wake, anangoja bintiye arudi. Nilimhurumia yule mzee kuliko nilivyomhurumia mama. Na nilipopata mimba yako, nikiwa msichana tu, mama akanigombeza kwa haki, nami nikamrushia maneno usoni: "Hata wewe ulimtupa baba yako." Alikuwa anachambua sukumawiki. Aliendelea kuchambua, na nikamwona anatupa majani mazuri na kuweka yaliyooza.

Baba, ukiwa na hasira na mtu, kwanza hakikisha umesikia alichosema. Mimi nilisikia maneno, maana yake nikaitia mwenyewe, na mama akaishi na maana yangu mpaka akafa.

Alipokufa tulimzika Lang'ata, wewe ulishika mkono wangu na dada yako alikuwa hajazaliwa. Hakuna mtu wa kwao aliyekuja, kwa sababu hatukujua wa kumwambia. Baada ya hapo ndipo nikaanza kutafuta. Sitakupambia hadithi: sikutafuta watu. Nilimhesabu mzee Kabogo kuwa alishakufa zamani. Nilitafuta shamba. Nilikuwa nimechoka na kelele za mashine na harufu ya mto, nikawaza, hata kipande cha kupanda viazi, mahali pa kusema hapa ni kwetu.

Tulienda ofisi ya ardhi ya wilaya, wewe na mimi. Najua unakumbuka mandazi tu. Tuliketi kwenye benchi pamoja na wazee wenye makoti mazito, kila mmoja na kesi yake ya mpaka, mpaka tukafika kwa karani. Alikuwa kijana wa pwani, Kiswahili chake kimenyooka hata mimi nikaona aibu ya changu. Akafungua rejista ya Kiahiti, akashuka na kidole.

"Mwaura hayupo, dada."

"Tafuta Kabogo. Ndiye aliyebaki na shamba. Ni baba ya mama yangu."

Akashuka tena. "Kabogo yupo. Lakini huyu ni Kabogo mwana wa Mwaura."

"Mwaura ni baba yangu mimi."

"Basi huyu si babu yako," akasema taratibu, kama anayemweleza mtoto. "Baba yako hawezi kumzaa baba wa mama yako. Ni Kabogo mwingine."

Hata mimi niliona hivyo. Rejista haikukosea na karani hakukosea. Nikamshukuru, nikafunga leso, na wewe ulikuwa umeshaanza kuchezea mlango. Nikasema kama ninavyosema kila siku: "Baba, twende zetu."

Yule karani akainua kichwa. "Dada, samahani. Huyo mtoto ndiye baba yako?"

Benchi zima likacheka. Mama mmoja akamjibu kwa niaba yangu, "Mwanangu, huku kwetu unaweza kumchapa baba yako na kumtuma dukani. Huyo mtoto ana jina la baba ya mamake." Karani naye akacheka, akatikisa kichwa, akasema huku bara kuna mambo.

Mimi sikucheka. Nilibaki nimeshika kitasa cha mlango. Nilikuwa namsikia mama. Nilimwacha baba kwa jirani.

Mvulana wa kwanza wa mama alikufa kwa surua akiwa mdogo, hilo alinieleza. Hakuniambia kama kulikuwa na wa pili. Lakini wa pili, kama alikuwepo, angekuwa na jina gani? La baba yake mama, Kabogo. Na mama angemwita nani, akimlisha, akimfunika, akimwita kutoka mtoni? Mzee wangu mwenye mkongojo hakuwahi kuwepo pale kwa jirani. Aliyekuwepo ni mtoto. Nilikuwa na kaka.

Nikarudi kwa karani kabla hajafunga kitabu. Nikamwambia, "Huyo huyo. Niandikie namba ya shamba lake." Hakuniuliza kitu. Aliandika, akanichorea na mto na njia ya kupandia, na mpaka leo nikimwomba Mungu huwa namtaja yule kijana ingawa jina lake sikulijua. Swali lake lilikuwa la ugeni tu. Mtu wa kwetu asingeliuliza, na nisingempata kaka yangu.

Tulipanda kile kilima wewe ukilia miguu. Boma la kwanza kwenye njia lilikuwa la Shosho Wamuyu, yule nyanya ambaye sasa unamjua, na ambaye utamsalimu kesho kabla ya mtu mwingine yeyote. Alikuwa anapukuchua njahi, yale maharagwe meusi, nje. Aliniangalia mimi kidogo, akakuangalia wewe sana.

"Huyu ni nani?"

"Ni Mwaura."

"Mwaura yupi?"

"Mwaura wa Nyambura. Nyambura wa Wangari na Mwaura."

Akaweka ungo chini. Akakuita usogee, akakushika masikio yote mawili. "Mwaura," akakuambia, "umekawia. Na umerudi mfupi."

Hapo ndipo nilipolia, na wewe ukalia kwa sababu ya masikio.

Alinieleza yote kwa sauti ya kawaida, mikono ikiendelea na njahi. Nyumba zilipochomwa na watu wakahamishwa kijijini, Kabogo alikuwa na homa kali. Mama alikuwa na mimi mgongoni na mtoto mgonjwa mkononi, na mume amechukuliwa. Akamwachia Wamuyu, jirani yake, yule mgonjwa, akaenda kutafuta pa kukaa Nairobi, arudi kumchukua. Njia zikafungwa. Pasi ya kusafiria hana. Halafu miaka ikapita. Kwa nini hakurudi njia zilipofunguliwa sijui, na sitakudanganya kuwa najua. Nilimuuliza Shosho Wamuyu akasema, "Aibu ina milango mingi ya kuingilia, ya kutokea haina."

Lakini siku ya kupima mashamba ilikuja. Siku zile vipande vya watu waliokufa na waliofungwa vilikuwa vinamezwa na majirani, na hakuna aliyeuliza. Shamba la baba yangu linapakana na la Wamuyu. Mume wake angesukuma mpaka kidogo tu, lingekuwa lake. Badala yake alimchukua Kabogo, mtoto asiye na meno ya mbele, akamsimamisha juu ya mpaka tangu asubuhi. Wazee wa kamati wakamwambia amtoe mtoto njiani. Akawajibu, "Hayuko njiani. Yuko kwake." Alisimama naye kwenye jua mpaka wakachoka, wakaandika jina. Jioni wakapanda matoka, yale maua ya mpaka, mtoto akishika mche na mzee akifukia. Ndiyo yale unayoyaruka ukienda kuchota maji.

Nilimuuliza Shosho kama sisi ni ukoo mmoja. Akashangaa. "Hapana. Tunapakana." Akafikiri kidogo. "Kupakana nako ni undugu."

Mwanangu, nimekaa Nairobi maisha yangu yote nikidhani mtu asiye na ukoo ni mtu asiye na kitu. Kumbe mtoto wa watu alihifadhiwa na watu wasiomhusu, wakamlindia hata udongo wake, na hawakumdai mama yangu hata salamu. Nikifikiria hilo nikiwa kwenye mashine, uchovu wangu unapungua. Na huku nako Mama Mwende, Mkamba wa Machakos, alimshika dada yako alipozaliwa kabla mimi sijamshika. Nilikuwa nahesabu ninachokosa. Sikuhesabu ninaopakana nao.

Tukiwa bado tumekaa, sauti ya mwanamume ikatoka ng'ambo ya yale maua. "Mama, funga lango, ndama anatoka!"

Nikashtuka. "Mama yake mwingine yupo?"

Shosho akacheka mpaka akakohoa. "Angalia vizuri."

Kilichokimbilia lango kilikuwa kitoto cha kike, kimevaa sweta lililokifika magotini. Binti wa kwanza wa Kabogo, Wangari. Kabogo alikuwa amemlaumu mama yetu maisha yake yote, nilikuja kujua hivyo baadaye kwa kinywa chake. Hata hivyo mtoto alipozaliwa alimpa jina lake, na kila siku tangu hapo amekuwa akiita mama, mama, katika boma lile, na kitoto kinaitika.

Sasa nikuambie nilivyoharibu. Alipokuja tukasalimiana, Shosho akamwambia mimi ni nani, akasimama kama mti. Nilikuwa na maneno mengi, nikachagua mabaya kuliko yote. Nilisema, "Nimetoka ofisi ya ardhi."

Akaangalia mkoba wangu. "Kamba ya kupimia umekuja nayo, au utaazima?"

"Sikuja kupima, kaka."

"Shamba ndilo lililokuonyesha njia. Mimi hukunitafuta."

Na ilikuwa kweli. Tulikunywa chai, tukapewa ndizi, tukaondoka. Alikuaga kwa kukuita "kijana wa Nairobi," na tangu siku hiyo, likizo zote ulizoenda, hajakuita vingine. Najua linakuuma. Ulinisimulia mara moja kwamba wasichana wake anawaita kwa majina ya mama zake, mama huyu, mama yule, na wewe ni "kijana wa Nairobi, sogeza kiti." Hana mtoto wa kiume. Wewe ndiwe Mwaura wa kwanza kukanyaga pale tangu baba yetu achukuliwe. Kwa haki yote, neno analopaswa kukuita ni lile lile ninalokuita mimi.

Hukuwepo siku alipokuja Nairobi mwaka jana, ulikuwa shuleni. Aliketi kwenye ukingo wa kitanda na ndizi zake magotini, akaniomba nimpeleke Lang'ata. Kule alivua koti, akang'oa magugu yote juu ya kaburi la mama, na ya makaburi mawili ya jirani pia. Tukirudi barabarani akaniuliza, bila kuniangalia, "Alikuwa akinitaja?"

"Kila mara nilipouliza shamba."

"Akiniita nani?"

"Baba. Alisema, nilimwacha baba kwa jirani."

Akasimama. Magari yakapita, watu wakatuzunguka. Akaondoa kofia, akaikung'uta, ingawa haikuwa na vumbi. Kisha akaanza tena kutembea. Tulipokaribia kituo ndipo aliposema, "Huyo kijana mlete asome kwangu. Shule ya pale si mbaya." Shamba hakulitaja, na mimi sikulitaja. Sikusema silitaki, kwa sababu ningekuwa nadanganya. Ila nimejifunza kwamba kuna maswali yanayopaswa kungoja nje ya lango mpaka watu wamalize kusalimiana. Hili nakuomba kwa nguvu zangu zote: mtu akikuuliza Kiahiti mama yako anataka ekari ngapi, sema hukutumwa hilo. Hukutumwa.

Umeniambia, "Mathee, ushago hakuna hata stima, kwa nini unanipeleka kwa mtu asiyenitaka?" Nikakutuma mafuta ya taa. Jibu langu ni hili. Mtu asiyekutaka hatembei mpaka mjini kukuomba. Yule ni mtu aliyeachwa akiwa na homa, akaambiwa mama anarudi. Anakuogopa kidogo. Akikuita baba halafu wewe ukaondoka, atakuwa ameachwa mara mbili.

Ndiyo sababu naandika, na nitaandika kila mwezi, hata mistari miwili. Mama yangu alimwacha mtoto katika boma lile kwa sababu dunia ilikuwa inawaka. Mimi nampeleka wangu pale pale mchana, kwa hiari, viatu vimepigwa rangi. Usiangalie mwandiko. Lakini nashukuru. Namshukuru Wamuyu na marehemu mumewe, na yule karani. Nakushukuru wewe, uliyeitika neno hilo miaka yote bila kujua unaitikia nini. Mama yangu namshukuru pia. Nimelichelewesha hilo kuliko hata barua hii.

Nasikia mpira wenu umeisha, mnapiga kelele kwenye kona. Hii nitaitia katikati ya daftari lako la hesabu, ambalo najua hutalifungua mpaka ufike.

Kuna vitu navihitaji kutoka huko, unitumie kwa mtu yeyote anayeshuka.

Kipimo cha Wangari mdogo, nimshonee gauni. Tumia uzi: bega mpaka goti, ukate hapo hapo. Uzi mwingine wa kiuno, ufunge fundo nisichanganye.

Njahi za kujaza mkono, za Shosho Wamuyu, si za sokoni.

Mche mmoja wa itoka kutoka kwenye mpaka, pamoja na udongo wake, kwenye kopo. Usiuoshe. Nataka kuuweka hapa mlangoni, kati yetu na Mama Mwende.

Na siku mjomba wako atakapokuita baba, uniandikie alikuwa anataka nini. Kama ni panga, andika panga. Kama ni kufungiwa lango, andika lango. Usiongeze kitu.

Mama yako,
Nyambura